Viatu Vilivyopangwa Kwenye Migomba

Ukitaka kuukosa ukweli wa jambo lolote pale Ekerenyo, nenda ukakae kwenye benchi iliyo mbele ya duka la magodoro la Dev. Ni ubao mmoja mrefu juu ya mawe mawili, umelainishwa na suruali za watu mpaka hautoi vibanzi tena. Asubuhi ukungu hupanda kutoka bondeni, ukapita katikati ya mashamba ya chai, ukavuka barabara bila kuangalia kushoto wala kulia, ukaja kukaa barazani na wenyewe. Hapo ndipo Celestine anapotua jiko lake la makaa na birika la kahawa ya tangawizi. Kwao ni Busia. Ameolewa hapa miaka kumi na moja na bado Ekegusii kinamng'ata ulimi, kwa hiyo benchi nzima inaongea Kiswahili kwa heshima yake, ama tuseme kwa heshima ya kahawa yake. Ijumaa hiyo ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba watu walitambuana kwa kikohozi.

— Mzee ameshaingia? aliuliza Injini. Huyu ni Omosa, fundi wa pikipiki, ambaye hajawahi kuona ugonjwa usiofanana na pikipiki.

— Yuko ndani, anajaribu godoro, Dev akajibu kutoka kaunta.

— Wiki ya tatu hii! Hata lori halifanyiwi testi wiki tatu.

— Wacha mzee wa watu, bana. Godoro ni ya kujaribu. Baba yangu kule Kisii mjini alinifundisha, mteja asiharakishwe.

— Na akinunua utajua ni mimi nimemponya, akasema Profesa.

Profesa ni Mogaka, mwalimu mstaafu wa darasa la nne. Alifundisha ramani miaka thelathini, na mpaka leo hakuna shida ya binadamu asiyoitafutia milima na mito.

Nyuma ya pazia la maua, chali juu ya godoro la majaribio, Mzee Ongeri aliyasikia yote. Alikuwa amekunja magoti, nyayo zimekanyaga godoro, macho yanatazama mabati. Aliinua kiuno taratibu, akakishikilia hapo juu, akahesabu moja mpaka tano moyoni, akakishusha. Hiyo ilikuwa ya nne. Zilibaki sita.

Kwa maana Mzee Ongeri hakuwa anajaribu godoro lolote. Alikuwa anatibiwa, tena kwa siri, na siri yenyewe ilikuwa imeshamtia mashakani.

Mgongo ulimshika mwaka jana mwezi wa kumi, alipokuwa akiinua kapu la chai. Alilala wiki, wiki ikawa mwezi, kitanda kikamzoea. Mwishowe walimpeleka hospitali, akapigwa picha, daktari akaitazama kwenye mwanga akasema hakuna kilichovunjika na hakuna haja ya kisu. Akampeleka kwa dada mmoja wa fisio, wale wa mazoezi ya viungo, kasichana kadogo kwa umri, kauli kama ya mama mkwe. Dada akampa karatasi yenye mtu wa vijiti aliyelala chali akiinua kiuno. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni, mzee. Na utembee kila siku, hata kama panauma kidogo. Usikiogope kiuno chako, ukikiogopa kitazidi kukaza. Kitanda ni cha usiku tu.

Ongeri aliikunja karatasi akaitia kwenye Biblia. Ukweli ni kwamba aliona amenyimwa dawa. Lakini tembe za maumivu zilipoisha na maumivu hayakuisha, aliikunjua tena. Na hapo ndipo matatizo yalipoanzia, maana pale bomani anaishi na mke wa mwanawe.

Sasa kama hujui chinsoni za Wagusii, shika hili. Baba mkwe na mke wa mwanawe wanaoneana haya, haya yenye sheria zake. Hawashikani mikono. Baba mkwe haingii nyumbani kwa mke huyo. Hata shati la baba mkwe halifunguliwi kifungo mbele yake. Sembuse mzee mzima, shemasi wa Sabato, chali sakafuni, magoti juu, anainua kiuno kuelekea mbinguni! Na Lavender, mke wa Duke mwanawe, alikuwa mtu wa kuingia na kutoka kutwa nzima, leo na maji, sasa hivi na kuni. Mzee angeinulia kiuno wapi?

Akaenda kwenye migomba. Asubuhi moja alfajiri alitandika gunia katikati ya migomba, akavua viatu, akalala, akaanza. Alikuwa amefika ya saba Lavender alipotokea na panga, amekuja kukata majani ya ng'ombe. Macho yakagongana. Binti akapiga ukemi, akageuka kutazama kando, na Ongeri, kwa aibu iliyompanda mpaka masikioni, akasema neno la kwanza lililomjia.

— Nimeanguka.

Basi. Neno moja tu. Kabla ya jua kuchomoza vizuri boma zima lilijua kwamba baba ameanguka kwenye migomba, mgongo umekwisha kabisa. Duke, ambaye anafundisha shule kule Kisii mjini na anampenda baba yake kupita kiasi, alikuja mbio jioni hiyo. Akatangaza kwamba chai itamuua mzee. Ing'olewe, wapande mablugamu, mti usiodai mgongo wa mtu. Akatafuta mtu wa kung'oa. Mtu huyo angekuja Jumapili na majembe yake, na Duke aliomba neno la baba kabla Sabato haijaingia, yaani Ijumaa hii, kabla jua halijatua.

Mzee angeweza kusema sikuanguka. Ndiyo. Lakini sasa aseme alikuwa anafanya nini? Kuanguka ni bahati mbaya, mtu anapewa pole. Kujilaza vile makusudi mbele ya mke wa mwanawe, hiyo utaiita nini? Kwa hiyo alinyamaza, na kila asubuhi Nyanchera mkewe alimfunga kamba za viatu, akazilegeza ili aweze kuvivua bila kuinama, naye akashuka kwa miguu taratibu mpaka kwa Dev, akajificha nyuma ya pazia. Aliwahi kupanda boda mara moja tu. Barabara ilimtikisa mpaka akamwona marehemu babu yake.

Ya tano. Akakishusha kiuno.

— Mimi nawaambia ukweli, ilisema sauti ya Profesa kwenye ukungu. Hii mgongo ni kwa sababu ya milima. Mtu wa hapa, kutoka azaliwe, mguu mmoja uko juu, mwingine uko chini. Miaka sitini! Lazima kiuno ipinde. Dawa ni kuhama. Aende akae tambarare ya Kano miezi mitatu, atanyooka kama rula.

— Kano si kuna mafuriko? aliuliza Celestine.

— Maji nayo ni tambarare.

— Profesa, wacha hiyo, Injini akaingilia. Mgongo ni shokabsoba. Iko na pingili, na kati ya pingili kuna mafuta. Mafuta ikikauka, inasaga. Nilimwambia kutoka mwanzo, supu ya miguu ya ng'ombe, asubuhi na jioni. Amekunywa, si mnaona vile anatembea?

— Anatembea kwa sababu ya chumvi yangu, Celestine akasema akimimina. Nilimpea chumvi ya kuchoma, unatia kwa soksi, unakanda. Mwili inataka moto. Nyinyi mnamnywesha mifupa tu.

— Moto ni ya kulegeza nati tu. Ukishalegeza lazima uvute. Mimi nilisema tumtundike kwa goli ya shule ya msingi. Ashike mti ya juu, na vijana wawili wavute miguu, polepole.

— Wamvute mpaka wapi?

— Mpaka iseme ko.

Ongeri alitabasamu peke yake. Mwanzoni alikuwa akiogopa kucheka, kicheko kilikuwa kinamchoma kiunoni. Sasa kilipita tu. Aliinua ya sita.

Ukungu uliingia mpaka chini ya pazia, na sauti za benchi zikawa mbali, zikisogea na kurudi. Macho yakamwia mazito. Juu ya mabati aliliona shamba lake. Aliliona lilivyokuwa mwaka ule wa kwanza, kilima kitupu chekundu, na Nyanchera akiteremka na karai la miche kichwani, tumbo limeshatangulia, Duke yumo ndani. Alikuwa anaimba wimbo ambao Ongeri hakuwahi kuukumbuka akiwa macho. Walichimba shimo, akashika mche, Nyanchera akasindilia udongo kwa kisigino, wakasogea hatua moja. Mche na hatua, mche na hatua, kilima kikawa hakiishi, na hakuna aliyechoka. Kisha akaona jembe likishuka kwenye mizizi ile ile. Moyo ukamgutuka, akaamka. Alikuwa bado ameinua kiuno. Sijui alikuwa amekishikilia kwa muda gani.

Aliumia. Si mgongo. Aliumia kwa ile chai, na kwa ulimi wake mwenyewe.

— Hamjanielewa, Profesa alikuwa anasema, sauti imeshuka, kahawa ya tatu imemwingia. Nimefikiria sana juu ya hii kitu. Labda mgongo wake ulipona zamani.

— Ukapona na bado unauma?

— Sikiliza, Celestine. Uliumia kweli, mwaka jana. Ukalala. Mtu akilala anaota, si ndiyo? Basi mgongo ulilala naye kitandani miezi mingi, ukaanza kuota. Unaota bado umebeba lile kapu. Kila akitaka kuinama, unashtuka usingizini, unapiga kelele. Hakuna kapu. Ni ndoto.

Vikombe vilishushwa magotini. Hata Injini alikosa nati ya kushika.

— Sasa utaamshaje mgongo? Dev aliuliza. Alikuwa ametoka mlangoni na kikombe chake.

— Hapo ndiyo kazi. Ukiuamsha kwa nguvu utaruka. Lazima uwe polepole, kila siku kidogo, mpaka uone kumekucha.

— Ungeimbiwa, akasema Celestine.

— Ama uwekewe nyuki, akasema Injini aliyepata nguvu tena. Nyuki watatu hapa, wawili hapa. Jamaa mmoja Nyamarambe alifanyiwa hivyo, alikimbia mpaka Ogembo.

— Alipona?

— Hatujui. Hajarudi.

Walicheka wakagongana mabega. Ongeri hakucheka. Alikuwa ameyashika yale maneno ya Profesa, na aliona kwamba mzee yule mwenye ramani zake, katika upuuzi wote aliousema tangu Januari, safari hii alikuwa amekanyaga karibu kabisa na mlango. Kila siku kidogo. Wiki ya kwanza alipumzika mara saba kati ya nyumbani na hapa, kwenye mawe yale yale. Leo alipumzika mara moja, tena kwa sababu alitaka kumsalimu mtu. Na si kwamba hapakuuma. Paliuma, lakini alikuwa ameacha kupaogopa.

Ya kumi. Alikishusha kiuno, akapumua.

Hapo ndipo alipozisikia hatua za gambuti barabarani, na sauti anayoijua.

— Bwakire buya, wazee.

— Bwakire, mama. Njoo kwa moto, Celestine akaitikia.

Lavender hakusogea. Alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara, kapu tupu la chai mgongoni, ametoka kupima majani. Alisimama kiupande, uso ameuelekeza bondeni, maana aliyajua mapazia ya Dev na alijua nani hujaribu magodoro asubuhi. Alizungumza na benchi, kama inavyopaswa.

— Duke amepiga simu. Anataka jibu ya tata, baba yake, leo. Yule mtu wa majembe, aje Jumapili ama asije?

Injini alitazama pazia, Profesa akatazama kikombe.

— Mzee atasema mwenyewe, Dev akasema taratibu.

— Sawa. Lakini hata mimi niko na swali. Sio ya kuuliza tata, siwezi. Nauliza nyinyi, kwa sababu nasikia hapa ndiyo migongo inajulikana.

Profesa alikaa vizuri, akafunga kifungo cha koti.

— Uliza, binti yangu. Usiogope.

— Mtu akianguka kwa migomba, huwa anavua viatu kwanza?

Makaa yalilia kwenye jiko. Mahali fulani kwenye ukungu ng'ombe alikohoa.

— Siku ile nilifika, nikaona viatu, Lavender akaendelea, bado anaangalia bondeni. Zilikuwa zimepangwa, moja kando ya ingine, kama za mlangoni. Na kofia iko juu yake. Na gunia imetandikwa. Wiki tatu najiuliza. Sijaambia mtu, hata Duke. Lakini wakija kung'oa ile chai, mimi na mama mkwe ndiyo tunachuma huko. Mama analia usiku akidhani nimelala.

— Inategemea ameanguka aje, Injini alianza. Kuna kuanguka ya... Akaacha.

— Kijiografia, akasema Profesa, na hakufika popote.

Celestine aliinua birika amwongezee mtu, yeyote yule, apate cha kufanya na mikono. Yalitoka matone mawili na kipande cha tangawizi. Kahawa ilikuwa imekwisha, na saa tatu ilikuwa haijafika.

Kisha mmoja wao akatazama chini ya pazia, na wote wakatazama. Viatu vya Mzee Ongeri vilikuwa pale kizingitini, vyeusi, vya kamba, vya kanisani. Vilikuwa vimepangwa, kimoja kando ya kingine, na kofia juu yake. Hiyo ni tabia yake ya miaka arobaini. Kama hawezi kuinama huvisukuma kwa kidole cha mguu mpaka vinyooke, lakini lazima vinyooke.

Ongeri alilala akiviangalia. Aibu ilimjaa kifuani, ile ile ya kwenye migomba, ikamwambia anyamaze, apitishe Sabato, apitishe Jumapili, awe mzee mgonjwa anayepewa pole na uji. Halafu akamwona tena Nyanchera na karai kichwani. Mungu wangu, alijisemea, mke wa mwanangu amenisitiri wiki tatu, na mimi ninajisitiri kwa kung'oa chai ya mke wangu.

Alijigeuza ubavu kama dada wa fisio alivyomwonyesha, akajiinua kwa mikono, akasimama. Akafungua pazia. Lavender aliposikia pete za pazia akageuka kabisa, akawapa wote kapu lake.

— Celestine, mzee akasema, mwambie huyo mtoto sikuanguka.

— Anasema hakuanguka, Celestine akasema kwa mtu aliyekuwa hatua tatu mbele yake.

— Mwambie nilikuwa nimejilaza mwenyewe. Nilipewa mazoezi hospitali, ya kuinua kiuno, na nikakosa pa kuifanyia. Ndiyo nakuja hapa. Hata Dev anajua sinunui godoro.

— Nilijua kutoka siku ya pili, mzee, Dev akasema.

— Kwa hivyo si supu? Injini akauliza, sauti ya mtu aliyefiwa.

— Supu ilikuwa tamu, Omosa. Na chumvi ilinipasha moto, Celestine, siwezi kukataa. Na Mwalimu umesema neno leo, nitaliweka. Lakini mwambieni huyo mtoto ampigie Duke. Yule mtu asije. Chai ibaki.

Walimwona Lavender akijifuta uso kwa ncha ya leso. Alipozungumza alikuwa bado anaongea na bonde.

— Mama Celestine, mwambie tata nimesikia. Na mwambie kutoka leo, asubuhi kabla jua litoke na jioni kabla ya chakula, mimi nitakuwa mtoni. Watoto nitaenda nao. Kwa migomba hakutakuwa na mtu.

Celestine alifungua mdomo ayarudie maneno hayo, akaufunga. Hapakuwa na haja. Mzee alikuwa ameyasikia, na ilimbidi akaze macho kwenye mabati ya ng'ambo ili asiaibike mara ya pili.

Binti akashika njia, ukungu ukammeza yeye na kapu lake.

Ongeri aliingiza miguu kwenye viatu. Kamba zilikuwa zimelegea kama Nyanchera alivyoziacha. Dev alitaka kupiga goti amsaidie, mzee akamzuia kwa kiganja. Aliweka mkono mmoja kwenye benchi, akainama. Mgongo ulishtuka. Akausubiri. Akashuka kidogo tena, akausubiri tena, na hakuna mtu pale kijiweni aliyesema neno, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu benchi ile iwekwe. Alifunga cha kushoto. Alifunga cha kulia, akakaza fundo. Kisha akainuka, akavaa kofia, akaomba njia akachume hata kikapu kimoja kabla jua halijatua na Sabato kuingia.